Mama wa Kwenye Karatasi

Mmeniomba kurasa chache za kijitabu cha kituo, na kichwa cha habari mkanipa kabisa: urithi ninaouacha. Mnalipenda neno hilo ninyi wa siku hizi. Nimekaa nalo wiki ya tatu sasa hapa mezani, na kila nikianza kuandika yale mnayoyataka, mkono unagoma. Basi nitaandika niliyoyafanya, mtaamua wenyewe kama yanafaa. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na vyote viliniongezea funguo za kubeba tu. Mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaoulalamikia.

Kazi niliianza kwa kudeki. Nilikuja Johannesburg kutoka Tanga nikimfuata mume, mume akashika njia zake, nikabaki na kitanda katika chumba cha kushirikiana pale Joubert Park na bunda la kanga zisizouzika. Kituo cha wanawake kule Yeoville kilikuwa kinatafuta mtu wa usafi. Wiki ya pili, niko na ndoo ukumbini, akaingia mama mmoja Mkongo, jasho linamtiririka, anaongea Kiswahili cha kwao, na ofisini hakuna aliyeambulia hata salamu. Nikaweka ndoo chini nikamsikiliza. Kesho yake Sis Thandeka akanivua aproni, akanivika koti la kituo, akasema twende kliniki.

Sis Thandeka ndiye mwalimu wangu. Mzulu wa Soweto, nesi aliyeacha unesi kwa hasira, mwembamba, sauti ya chini, na macho ambayo ukimdanganya unajishtukia mwenyewe. Kazi aliyonipa ilikuwa kusindikiza. Mama mgeni asiye na karatasi akifika kliniki peke yake, anarudishwa getini. Akifika na mtu mwenye koti la kituo, anayemjua mlinzi kwa jina na sista wa zamu kwa jina, pengine anapita. Hiyo ndiyo kazi nzima, na niliifanya mpaka magoti yakaniambia basi.

Siku ya kwanza tulikuwa kwenye foleni jua halijachomoza. Thandeka alikuja na kiti cha kukunja, maana mjamzito hawezi kusimama kwa muda wa saa nne nzima, na kalamu tatu nyeusi, kwa sababu fomu zao hazipokei wino wa buluu na wakikurudisha kwa ajili ya wino umepoteza siku. Alimsalimia mlinzi, akamuuliza habari za mwanawe aliyekuwa anaumwa sikio. Alinikataza kulitaja neno mkimbizi pale getini. Sema mama huyu, aliniambia, basi. Alinikataza pia kupaza sauti, kwa kuwa anayepaza sauti ndiye anayekumbukwa, na mgonjwa wake anasahaulika kwenye benchi. Saa tano tukaingia. Nilijiona nimeshinda uchaguzi.

Jambo moja alilirudia mpaka likanichosha. Kwenye fomu, alisema, andika kilichotokea. Ukiandika kingine, fomu itakungoja. Mimi nilitikisa kichwa kama mtoto wa madrasa anayetaka kwenda nyumbani.

Alhamisi mchana tulikuwa na duara letu. Mnalijua, bado lipo, ingawa siku hizi mmeliwekea mabango na vikombe vyenye maandishi. Wakati huo lilikuwa viti vya plastiki na birika la chai. Walikuja Wakongo, Warundi, sisi Watanzania wawili watatu, na wenyeji pia: mama mmoja wa Kihindi kutoka Lenasia, dada mmoja chotara wa Eldorado Park aliyekuwa anakereka wakimwita si mweusi na wakimwita mweusi. Tuliongea habari za haki. Nani alideki nyumba ya nani, nani alipigwa na nani akanyamaza, nani leo anamwambia mwenzake arudi kwao. Wengine walilia, wengine walisinzia. Nilitafsiri kila neno, nikarudi nyumbani koo limekauka, na kusema kweli nilitoka pale mwepesi.

Alhamisi moja Thandeka alitusimulia habari za bibi yake. Enzi za pasi, kibali alichotakiwa kubeba mtu mweusi ili akae mjini, bibi alifika hana, akatumia ya dada yake aliyekwisha kufa. Akafanya kazi za ndani maisha yake yote kwa jina la marehemu, akaliitikia, na mwisho akazikwa nalo. Jina lake la kweli wajukuu hawalijui hadi leo. Thandeka alisimulia machozi yanamtoka, mwanamke ambaye hakuwa na kawaida ya kulia. Alituonya. Na mimi niliyekaa pale kumtafsiria sikusikia onyo. Nilisikia kwamba kumbe inawezekana.

Hapo ndipo Furaha anapoingia. Furaha alikuwa binti wa Uvira, fundi cherehani, mcheshi, ana kipaji cha kumwiga kila mtu pale kituoni pamoja nami na mwendo wangu. Alikuja na mimba ya miezi saba. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa ameishia huko njiani, mpaka upi sikumbuki. Ofisi ya vibali ilikuwa imefunga mlango, haipokei watu wapya, na kliniki haikupokea mtu asiye na kibali. Nilimsindikiza mara mbili, mara mbili tukarudishwa. Mlinzi niliyemzoea alikuwa amehamishwa, na yule mpya hakuwa na mtoto wa kuulizia. Tulipokuwa tunasubiri taa ya barabarani, robot kwa lugha ya huku, ituruhusu kuvuka barabara, Furaha akakaa chini ukingoni.

“Yaya, nimechoka kurudishwa,” akasema, na yaya kwao ni dada mkubwa. “Huyu mutoto atanitokea mu njia.”

Kuazima karatasi hakukuwa jambo geni. Wanawake wetu waliazimana vibali kama wanavyoazimana masufuria, mmoja anaingia hospitali kwa jina la mwenzake, anatibiwa, anarudisha. Kituo kilikuwa kimelikataza. Lakini Furaha alikuwa anaishi Rosettenville na shoga yake Espérance, kwaya moja, umri karibu mmoja, na Espérance alikuwa na kibali kizuri. Picha ilikuwa imefifia. Ukiitazama haraka ungesema ni yeyote yule.

Mimi ndiye niliyesema tufanye hivyo. Msitafute mwingine wa kumlaumu. Nilimweka Furaha jikoni kituoni siku mbili nikamkaririsha: jina la Espérance, siku aliyozaliwa, jina la mama yake, mtaa aliotoka. Alipokosea nilimrudisha mwanzo. Alipopatia tulicheka. Tulipofika kliniki alijibu bila kusita, wakampa kadi, na miezi miwili baadaye akajifungua mtoto wa kike salama, akamwita Neema. Kwenye taarifa ya kuzaliwa, mahali pa mama, wakaandika Espérance. Niliiona karatasi ile, nikaikunja, nikaiweka kwenye bahasha ya plastiki. Kwenye daftari langu la kazi niliandika mama na mtoto hawajambo. Nililala usingizi mtamu, loh, nilijiona mjanja kuliko serikali nzima.

Thandeka sikumwambia. Alistaafu, akaenda kwa binti yake Durban, na huko akafariki. Mpaka leo sijui kama hakujua au alijua akaninyamazia.

Basi mambo yalitulia kwa muda. Neema alikuwa na miaka minne wakati Espérance alipopata nafasi ya kuhamishiwa nchi za mbali, bahati ambayo wenzake waliisubiri mpaka wakazeeka. Akaitwa kwenye mahojiano. Wakamuuliza juu ya mtoto wake. Akaja kituoni. Akisema mtoto ni wake, atatakiwa kuondoka naye. Akisema ukweli, wataona kibali chake kilitumiwa na mtu mwingine na safari imekufa. Alikuwa ananitazama nimpe njia ya tatu, kwa kuwa mimi ndiye mama wa njia. Nikamtengenezea chai. Wiki iliyofuata akarudi akawaambia kumbukumbu zao zina makosa, yeye hana mtoto, hajawahi kuzaa, akatia saini. Akasafiri. Simlaumu hata kidogo. Ila tangu siku ile Neema akawa na mama mmoja wa kwenye karatasi aliyemkana, na mama mmoja wa kweli asiye kwenye karatasi yoyote.

Shule alipokelewa kwa huruma ya mwalimu mkuu mmoja, Mungu ambariki. Alipokuwa darasa la nne, ofisi ya vibali ikafungua mlango na Furaha naye akaitwa. Usiku wa kuamkia mahojiano alinipigia simu kuuliza aseme nini wakimuuliza habari za watoto. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikamwambia sema huna. Kwa sababu akisema anaye watataka karatasi ya mtoto, na karatasi ya mtoto ina mama mwingine. Nikamwambia wakupe kibali kwanza, hayo mengine tutayarekebisha baadaye. Akasema hana. Wakaandika hana.

Baadaye. Hilo neno nililitumia sana kazini, mnisikilize ninyi mnaobaki. Tutalifanya baada ya Pasaka. Tutalifanya baada ya wakaguzi kuondoka. Dawa yake niliijua vizuri: mimi na Furaha tuandike hati ya kiapo tueleze tulichokifanya, kisha apimwe damu yeye na mtoto. Lakini hati ile ingemwonyesha Furaha kuwa aliidanganya serikali mara mbili, na ingenionyesha mimi kuwa ndiye mwalimu. Yeye aliogopa kurudishwa Uvira. Mimi niliogopa kituo kufungwa kwa sababu yangu, ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana. Watu walikuwa wananiheshimu, na nilikuwa nimeshazoea. Na Furaha hakuwa wa kwanza wala wa mwisho niliyemkaririsha pale jikoni. Wangapi, sitasema.

Furaha naye alikuwa amekuwa mtu wa duara haswa. Ndiye aliyekuwa anaanzisha wimbo, ndiye aliyekuwa anakaa na wageni wanaofika wakiwa hawasemi. Mwaka jana mlileta wale kina dada wa chuo kikuu, wazuri tu, wakatugawia karatasi za rangi kila mmoja aandike anataka kuacha nini duniani. Watu wakaandika amani, upendo, elimu. Furaha hakuandika. Aliposimama akasema kwa Kiswahili chake, nami nikatafsiri: “Mimi sitaki vitu mingi. Nataka Neema akuwe na jina langu kwa karatasi yake. Ni hiyo tu.” Wale kina dada wakapiga makofi, mmoja akafuta machozi, wakadhani anasema mambo ya moyoni. Alikuwa anasema na mimi. Nikaenda kujaza birika.

Neema wakati huo alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa sekondari na anahitaji kitambulisho kwa ajili ya mtihani na chuo. Msichana mrefu, mpole, Kiswahili anakisikia chote lakini anakujibu kwa Kiingereza, na mimi ananiita Gogo kwa Kizulu kama wenzake wanavyowaita bibi zao. Alikuwa anajua. Mama yake alimweleza mapema, na sikumwona hata siku moja akinichukia. Ingekuwa nafuu.

Baridi iliyopita Furaha akaanza kukohoa. Nikavaa koti langu la kituo, nikabeba kiti, tukaenda. Getini hapakuwa na mlinzi peke yake. Kulikuwa na kundi la raia waliojipa kazi ya kuzuia wageni, wengine kina mama wa umri wangu, wanauliza kitambulisho kabla hujamfikia mlinzi. Nilimwonyesha yule wa mbele kibali cha Furaha. Hakukitazama. Akasema kwa upole kabisa, Mama, nenda kwenu ukatibiwe kwenu. Mlinzi tunafahamiana, nimemuulizia watoto wake miaka sita. Akainamisha macho. Tukaenda kliniki ya pili, hali ni ileile. Siku ya tatu Furaha hakuweza kutembea, tukampakia gari la jirani hadi hospitali ya mbali, wakampokea, na daktari akaniuliza kwa nini tumechelewa.

Hapo ndipo nilipoandika ile hati. Niliiandika jioni moja, kurasa mbili, kila kitu, jikoni, siku mbili, majina, na hakuna mahali nilipojipunguzia. Miaka kumi na minane nimeikimbia, na ilinichukua chini ya saa mbili. Kesho yake nikaipeleka wodini pamoja na ofisa wa kiapo niliyembembeleza aje. Furaha alikuwa na kinyago cha hewa usoni. Alinitazama, akaitazama karatasi, akainua mkono kidogo. Nikamwona amechoka mno. Nikamwambia pumzika, tutasaini kesho. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu, na ofisa yule amesimama pembeni ameshafungua kalamu. Alfajiri wakapiga simu.

Mimi nimewafikisha wagonjwa wengi hospitali, lakini kwenda kuchukua maiti kuna utaratibu wake, na utaratibu ni kwamba anayechukua awe ndugu. Nilienda na Neema. Alikuwa amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nadhifu. Kijana wa dirishani alikuwa mstaarabu, niseme haki. Akauliza Neema ni nani kwa marehemu. Neema akasema binti yake. Akaomba karatasi ya kuzaliwa, akaisoma, akaona jina la mama mwingine. Akafungua faili la Furaha, mahali pa watoto pameandikwa hana. Akatutazama.

Nilitoa hati yangu. Nikamweleza yote pale dirishani, watu nyuma yetu wanasikia, jambo lililonishinda miaka yote nikalisema kwa dakika tano. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba basi wachukue damu ya marehemu walinganishe na ya mtoto kabla hatujazika. Akasema hilo linawezekana, ila ombi lazima litoke kwa mzazi au mtoto aliyeandikwa kwenye faili.

“Eish, Gogo,” akasema. “Mimi namwamini huyu binti. Anafanana naye, hata mimi naona. Lakini sina pa kuandika kuamini.”

Tulipewa siku chache. Baada ya hapo maiti isiyo na ndugu inazikwa na manispaa, bila watu, na mahali hutaambiwa mpaka baadaye. Neema akakaa kwenye benchi amefumbata mikono. Nikatoka nje nikampigia mchungaji wa kanisa lao, na mchungaji akamtafuta Bwana Amisi, Mkongo wa Yeoville, mlinzi wa maduka, ambaye kwa bahati ukoo wake unaandikwa sawasawa na ule wa Furaha. Hawakuwa na udugu wowote. Walikuwa wanasalimiana ibadani.

Alikuja kesho yake amevaa suti. Na mimi, wapenzi wangu, nikamkalisha kwenye korido nikaanza kumkaririsha. Marehemu ni dada yangu wa baba mmoja. Alizaliwa Uvira. Siku fulani. Mama yake aliitwa fulani. Alipokosea nikamrudisha mwanzo. Neema alikuwa amekaa kando yetu, anasikia kila neno, na pale Amisi aliposahau jina la mama wa marehemu, bibi yake Neema, yeye ndiye aliyemkumbusha, taratibu, kwa Kiswahili.

Amisi akaenda dirishani akajibu vizuri. Kijana yule alijua, nilimwona anajua, akagonga mhuri. Kisha akasema anahitaji shahidi mmoja mtu mzima anayemfahamu marehemu. Mimi nilikuwa nimeshajitaja kwenye hati, jina langu lisingefaa. Akamsogezea Neema fomu. Palikuwa na mstari wa jina na mstari wa uhusiano na marehemu. Neema akaandika jina lake. Kwenye mstari wa pili akasimama, akanigeukia.

Nikamwambia, “Andika jirani.”

Akaandika jirani, akatia saini. Wakatupa mwili.

Hayo ndiyo ninayoyaacha. Mkitaka kuyaweka kwenye kijitabu wekeni, mkiona yatawatisha wafadhili, yaacheni. Ila mjue kwamba kule nje wako watoto wengine wa namna hii, na daftari langu lipo kwenye kabati la chini, majina yao yote yamo, na wengi mama zao wangali hai. Anzeni kesho asubuhi. Mimi nimechoka, na sidhani kama nina haki ya kuwaomba, lakini nawaomba.

Jumamosi ya wiki ile tulizika. Njiani kuelekea makaburini tulikuwa ndani ya gari la kanisa, Amisi amekaa mbele na dereva, maana watu wa makaburi nao wangetaka kumwona ndugu. Neema alikuwa ubavuni mwangu. Akaniuliza, na hakuwa ananisuta, alikuwa anataka kweli kujua ili asije akakosea.

“Gogo, tukifika nikae wapi? Na ndugu, au na majirani?”

Gari likasimama, watu wakaanza kushuka.